Linux Mint Xfce kwenye Dell ya mwaka 2012: tathmini baada ya miezi saba ya matumizi Mtwara

Laptopu ninayoizungumzia ni Dell Latitude E6430, mashine ya mwaka 2012 yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 320. Niliinunua ikiwa mtumba na kuitumia kwa kazi za ualimu: kutunga mitihani, kujumlisha alama, kuandika barua na, msimu wa korosho unapoingia, kumsaidia kaka yangu, karani wa chama cha msingi, kupanga orodha za wakulima na kilo walizofikisha ghalani. Kufikia mwaka jana ilikuwa ikichukua takribani dakika sita kuwaka, na ukishabofya Word ungeweza kwenda uani kuteka maji, ukarudi, ukakuta kidirisha bado hakijafunguka. Kwa miezi saba sasa inaendeshwa na Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoshika nafasi ya Windows, toleo la 22, lenye eneokazi (sura ya menyu na madirisha unayoiona kwenye skrini) liitwalo Xfce. Sikuwahi kutumia Linux kabla ya hapo, kwa hiyo haya ni maoni ya mgeni kwa wageni wenzake, na fundi aliyebobea anaweza kuona nimekawia pasipostahili kukawia.

Sababu ya kuhama haikuwa mapenzi. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikatoa nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa wanaojisajili, nayo Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, masharti ambayo mashine ya 2012 haiyatimizi. Zaidi ya hayo, Windows niliyokuwa nayo iliwekwa na muuzaji, sikuwahi kuona leseni yake, na muda wote ilinionyesha maandishi hafifu kwenye pembe ya skrini yakinitaka niihalalishe. Mint haiuzwi wala haina namba ya kuhalalisha, na toleo hili la 22, lililotoka Julai 2024 juu ya msingi wa Ubuntu 24.04, litapata masasisho hadi mwaka 2029.

Kinachomtisha mgeni kuliko yote ni wingi wa aina za Linux, na sasa naona kwamba hofu hiyo ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Kiini ni kimoja, kile ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi nchini Ufini. Kinachotofautiana ni eneokazi unaloliona, programu zinazokuja nalo na muda ambao waandaaji wameahidi kulitunza. Niliweka kwenye flashi ya GB 16 programu iitwayo Ventoy, inayoiwezesha flashi moja kuwasha mifumo kadhaa, nikanakili humo mafaili matatu ya ISO, kila moja likiwa na mfumo mzima ndani yake, yaani Ubuntu, Lubuntu na Mint Xfce, kisha nikawasha mashine huku nikibonyeza F12 na kuzijaribu moja baada ya nyingine bila kusakinisha chochote, kwa kuwa zote tatu hukubali kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Ubuntu, ambayo jina lake Mswahili hahitaji kutafsiriwa, inapendeza macho, lakini kwa RAM ya GB 4 ilianza kutweta nilipofungua kurasa tano za Firefox, na feni ikavuma kama ya mashine ya kukoboa. Lubuntu ilikuwa nyepesi kuliko zote. Hata hivyo mipangilio yake niliiona imetawanyika, na mara mbili nilitafuta kitu rahisi kama mwangaza wa skrini nikakikosa. Mint Xfce ilisimama katikati: menyu iko chini kushoto, saa iko kulia, madirisha yaliyofunguliwa yanapangwa kwenye mstari wa chini, na aliyezoea Windows 7 hajifunzi kitu kipya ili aweze kuanza kazi. Ikiwa haijafunguliwa programu yoyote ilikuwa ikitumia karibu MB 800 za RAM. Mint hiyohiyo hutolewa pia na eneokazi la Cinnamon, ambalo ni zuri zaidi kwa sura na zito zaidi, na la MATE. Nilitumia siku mbili kwenye ulinganisho huu. Ningeanza leo, ningetumia jioni moja.

Faili la ISO la Mint ni karibu GB 3, na kwa anayetegemea bando la simu hiyo ni fedha inayohesabika. Mimi nilipakua la Mint peke yake usiku, yale mawili mengine nikayapata kwenye flashi ya mwenzangu wa kazini. Huo ndio utaratibu wetu wa kawaida huku, na sioni ubaya wake, ila una sharti moja ambalo wengi hulipuuza. Tovuti ya kila aina ya Linux huchapisha mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA256, ambao ni kama alama ya kidole ya faili. Kwenye Windows unaandika amri ya certutil -hashfile, unataja jina la faili na neno SHA256, kisha unalinganisha majibu na yale ya tovuti. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika au limechezewa. Na kuchezewa si hadithi ya kutishia watoto: Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe wakawaelekeza watu kwenye ISO iliyopandikizwa mlango wa siri, jambo ambalo waandaaji walilitangaza wao wenyewe. Faili moja kati ya yale mawili niliyopewa halikulingana. Pengine lilikatika tu wakati wa kunakiliwa, lakini nililifuta na kuomba upya.

Wi-Fi ndiyo iliyonipa shida ya kwanza, na ningependa mtu angeniambia mapema. Latitude E6430 ziliuzwa zikiwa na kadi tofauti za Wi-Fi. Zenye kadi ya Intel hutambuliwa papo hapo, lakini yangu ilikuwa na ya Broadcom, ambayo inahitaji draiva, yaani programu ndogo ya kukiendesha kifaa, isiyowashwa tangu mwanzo. Kwa hiyo mashine iliwaka vizuri, kila kitu kikafanya kazi, na orodha ya mitandao ikawa tupu. Mgeni akifika hapo ndipo husema Linux haifai. Dawa yake ilikuwa waya wa kuchajia simu: unaunganisha simu na laptopu, unaingia kwenye mipangilio ya simu na kuiruhusu igawe intaneti kwa njia ya USB, na Mint inaipokea kana kwamba ni waya wa kawaida wa mtandao, bila draiva yoyote. Baada ya hapo nilifungua kidhibiti cha draiva kilicho ndani ya menyu, kikaniorodheshea draiva ya Broadcom, nikaichagua, nikawasha mashine upya, na Wi-Fi ikapatikana. Ilichukua dakika kumi. Kabla ya hizo kumi nilikuwa nimepoteza saa tatu. Kwa hiyo unapojaribu kutoka kwenye flashi, kabla hujagusa diski, angalia Wi-Fi, sauti, kamera na vibonye vya mwangaza. Kilichogoma hapo kitagoma pia baada ya kusakinisha, na ni afadhali ukijue ukiwa bado na njia ya kurudi.

Kusakinisha kwenyewe hakuna mengi ya kueleza. Nilinakili mafaili yangu yote kwenye diski ya nje, nikabofya alama ya kusakinisha, nikachagua majira ya Dar es Salaam, nikaweka jina na nenosiri, na baada ya nusu saa kazi ikawa imekwisha. Kwa woga nilichagua kuiacha Windows pembeni, kila mfumo ukiwa na sehemu yake ya diski, na uamuzi huo ulinizalia kioja kidogo: kila nikitoka Mint na kuingia Windows, saa ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili, na hii si ile tofauti ya saa sita tuliyoizoea kati ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu. Linux huihesabu saa iliyo ndani ya mashine kuwa ni ya majira ya ulimwengu, ilhali Windows huichukulia kuwa ni ya hapa ulipo, na Tanzania iko mbele ya majira hayo kwa saa tatu. Amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, inawapatanisha. Masasisho ya mwanzo yalikula zaidi ya MB 600, kwa hiyo usimalize bando lote kwenye ISO.

Sasa nifike kwenye suala ambalo naona wasifiaji wa Linux hawalisemi wazi. Mwezi wa kwanza niliitumia Mint kwenye diski ileile ya kuzunguka. Mashine ilikuwa ikiwaka kwa muda usiofika dakika mbili badala ya sita, jambo la kushukuru. Lakini LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint badala ya Word na Excel, ilipofunguliwa mara ya kwanza kila asubuhi bado ilikuwa na usingizi, na Firefox vilevile. Ndipo nilipoagiza SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, ya GB 256 kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi, nikafungua skrubu za diski, nikaitoa ya zamani na kuiingiza mpya, kazi ambayo kwenye Latitude za aina hii haihitaji fundi, kisha nikasakinisha Mint upya, safari hii ikiwa peke yake. Mashine ikawa inawaka kwa sekunde ishirini na kitu. Programu zikawa zinafunguka kabla kidole hakijaondoka kwenye kibonye. Kwa kuwa ninapenda kuhakiki, wikiendi moja niliweka Windows 10 kwenye SSD hiyohiyo, na ukweli ni kwamba nayo iliwaka kwa chini ya dakika moja. Kwa hiyo ikiwa unachotafuta ni kasi peke yake, na una fedha ya kununua kitu kimoja, nunua SSD kwanza. Sifa nyingi za kasi wanazopewa wenye kuandaa Linux ni za chuma, yaani vifaa vya mashine, si za programu.

Sifa zinazoistahili Mint yenyewe nilizipata kwingine, nami nianze na flashi. Mwalimu wa huku hawezi kukwepa duka la steshenari: mtihani unatungwa nyumbani, unapelekwa kwenye flashi, unachapwa dukani, na flashi hiyo inarudi na virusi ambavyo vimechomekwa na kila mteja aliyetangulia. Kila aliyewahi kuipata anaijua dalili: unafungua flashi, folda zako zote zimegeuka kuwa njia za mkato zenye mshale mdogo, na ukibofya mojawapo umekwisha kuvikaribisha virusi ndani. Kwenye Mint njia hizo za mkato huonekana kama mafaili madogo yasiyo na maana yoyote, yenye majina yanayoishia na lnk, na programu ya virusi iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haipati pa kushika. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba folda za asili, ambazo virusi hivyo huzificha kwa kuziwekea alama ya Windows ya kutoonekana, zinaonekana wazi, kwa sababu Linux haiijali alama hiyo. Mara ya kwanza nilikaa nikiitazama skrini bila kuamini: kazi za muhula mzima za mwalimu mwenzangu, ambazo alikwisha kuzilia, zilikuwa hapo mbele yangu zimepangwa kwa majina. Nilizinakili, nikaifuta flashi yote, nikamrudishia. Tangu siku hiyo walimu huniletea flashi zao mapumzikoni kama vile mimi ni zahanati. Na Mint haikuja na programu ya kuzuia virusi yenye kula RAM na kudai kusasishwa kila siku, jambo ambalo kwa mashine ya GB 4 ni nafuu inayohisiwa.

Upande wa nyaraka, sifa zinapungua. LibreOffice hufungua na kuhifadhi mafaili ya docx na xlsx, na kwa barua, ripoti na orodha za kawaida sijaona tofauti inayostahili kutajwa. Mtihani wenye majedwali, michoro na visanduku vya maandishi ni jambo jingine. Mint haiji na Times New Roman, huweka badala yake Liberation Serif ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haivunjiki ovyo. Lakini kisanduku kilichochorwa kwenye Word kilihama nusu ukurasa na kulifunika swali la saba. Nililigundua kwenye karatasi, baada ya kuchapa nakala arobaini. Sasa nina desturi ya kugeuza kila kitu kuwa PDF kabla hakijatoka kwenye mashine yangu, na sijapata tena hasara hiyo. Majedwali ya kaka yangu yenye fomula za kujumlisha kilo na makato yalifunguka salama, ila yale yenye makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya jedwali, hayakufanya kazi yote. Anayepata riziki kwa kutengeneza kadi za harusi kwa Publisher ya Microsoft asihame: LibreOffice Draw hujaribu kuyafungua mafaili hayo, lakini hutoka yamevurugika. Programu ya Windows tunayoitumia shuleni kupangia ratiba za vipindi nayo haina toleo la Linux, na mimi bado huazima laptopu ya ofisini mwanzoni mwa muhula kwa ajili hiyo tu.

Kuhusu lugha, nimeitumia Mint kwa Kiingereza, na hilo linanipa uchungu kidogo nikikumbuka kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ya leo ni tawi la mti huohuo. Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ipo, lakini nililazimika kuiongeza mwenyewe.

Printa ya shuleni ni HP LaserJet P1102. Mint iliitambua mara moja, ikaonyesha jina lake, na haikuchapa hata nukta. Printa hii inahitaji kijalizo cha HP ambacho si programu huria na hivyo hakiji na mfumo. Unaandika hp-plugin kwenye kidirisha cha amri, unakubali masharti, unasubiri kipakuliwe, na basi. Ni amri ya tatu au ya nne kati ya zote nilizowahi kuandika kwa miezi saba, ninayasema haya kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba Linux ni skrini nyeusi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Joto na umeme navyo vina nafasi yake katika tathmini ya mashine inayoishi pwani. Kabla ya kusakinisha nilimpelekea fundi mmoja wa hapa mjini aisafishe vumbi na kubadilisha gundi ya kupitishia joto juu ya prosesa. Akabadilisha gundi, akasahau kuchomeka waya wa feni, na mashine ikawa inajizima kila baada ya dakika kumi. Nilikuwa karibu kuilaumu Mint. Niliporudisha waya mwenyewe, joto likashuka na feni imekuwa kimya kuliko ilivyokuwa wakati wa Windows. Betri ya laptopu hii imekwisha kufa, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inazimika papo hapo, na hilo limetokea mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kila mara imewaka tena yenyewe bila kulalamika, kwa kuwa mfumo wake wa mafaili wa ext4 huandika kwenye daftari lake mabadiliko ya mpangilio wa mafaili kabla ya kuyatekeleza. Nilichopoteza ni aya mbili-tatu ambazo sikuwa nimezihifadhi. Pamoja na hayo nimewasha Timeshift, ambayo kila wiki huweka picha ya mfumo mzima ili sasisho likiharibu kitu niweze kurudi nyuma. Sijawahi kuihitaji. Ifahamike tu kwamba haihifadhi nyaraka zako, hizo unazinakili mwenyewe.

Mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka chuoni, alikaa kwenye mashine hii siku nzima akiandika kazi zake na kushiriki kipindi kwa Zoom, ambayo ina toleo la Linux. Jioni ndipo aliponiuliza, "Mjomba, hii Windows yako mbona haina ile programu ya kupaka rangi picha?" Nikamwambia si Windows. Akaitazama tena, akasema sawa, akaendelea.

Gharama zangu zote zilikuwa SSD, gundi ya joto na bando. Kaka yangu ameomba niifanyie vilevile laptopu ya chama chao, na nimemkatalia kwa Mint: ile ni ya zamani zaidi, ina RAM ya GB 2 na prosesa ya biti 32, ambayo Mint 22 haiikubali kabisa kwa kuwa ni ya biti 64 peke yake. Nimekwisha kupakua antiX 23, aina nyingine ya Linux iliyo nyepesi, ambayo bado ina toleo la biti 32, nimelinganisha SHA256 yake, na Jumamosi tutaijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa orodha za wakulima, ambazo nimemwambia azinakili kwenye flashi mbili kwanza, moja abaki nayo yeye.